Wateja Watatu wa Kwanza

Darasani kwa Mwalimu ilikuwa marufuku kupiga picha ya uzuri kabla ya kupiga picha ya doa. Ukileta kikapu, unageuza kwanza upande ule uliochomoka. Ukileta sabuni, unapiga picha ya kipande kilichopasuka pembeni. Ukishamaliza hapo ndipo unafuta vumbi, unatafuta mwanga mzuri na kujidai kadiri utakavyo. Wenyewe waliiita sheria hiyo "doa kwanza." Watu wengine pale kijijini, wale wasiosoma kwake, walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani amewahi kuuza kitu kwa kutangaza ubovu wake?

Mwalimu hakubishana nao. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye miaka hamsini na ushei, aliyekulia chini ya meza ya baba yake, muuza vitambaa wa minadani. Mzee huyo hakuwa na shule ya maana, ila kila alipopata nafasi alikaa kwa shehe akajifunza hukumu za kuuza na kununua, na kila alichookota alimpa binti yake. Simu zilipoenea vijijini na kila mtu akaanza kutangaza mali yake mtandaoni, binti akaona yale ya baba hayajachakaa. Kilichobadilika ni meza tu, imekuwa kioo cha simu. Akaomba chumba cha nyuma cha madrasa, siku mbili kwa wiki, baada ya adhuhuri watoto wakishatoka, akawaita wanawake wenye vitu vya kuuza.

"Mtume alipita sokoni," aliwaambia kila walipoingia wapya, "akatia mkono kwenye lundo la nafaka. Juu kavu, chini mbichi. Akamuuliza mwenye mali, nini hii? Akajibu, mvua. Akamwambia, mbona hukuiweka mbichi juu watu wakaiona? Haya. Mteja wenu yuko mji wa mbali. Hana mkono wa kutia kwenye lundo. Mkono wake ni picha yako. Ukimpa picha ya uongo umemkata mkono."

Chumba chenyewe kilikuwa na mabenchi manne, ubao wenye ufa katikati, na dirisha moja. Mtandao ulikamata hapo dirishani tu. Aliyetaka kutuma picha alipanda juu ya kigoda, akatoa mkono nje kama mtu anayepima manyunyu, akangoja. Kwa hiyo somo liliendelea huku migongo miwili mitatu imeelekea ubaoni na mikono iko nje.

Mwanafunzi mkubwa kuliko wote alikuwa Bibi wa Mbuzi, ambaye jina lake linajieleza.

"Mwalimu, huyu sikio lake limechanika. Nimelipiga picha."

"Vizuri, bibi."

"Na kwato nimepiga. Na jino lililotoka."

"Sawa kabisa."

"Na tabia yake mbaya, hiyo nitaipigaje?"

Mshonaji wa mabegi, msichana mwenye ulimi mwepesi aliyekaa benchi la mbele, akadakia. "Mrekodi video, bibi, akikupiga pembe."

"Mimi hanipigi. Anampiga mkwe wangu."

"Ah, basi hilo siyo doa la mbuzi."

Ndivyo darasa lilivyokuwa. Na mali yao iliuzwa. Polepole, lakini iliuzwa, na aliyenunua mara moja alirudi. Mizigo ilichukuliwa na dereva wa bodaboda waliyembatiza Kesho Asubuhi, kwa sababu ukimuuliza lolote kuhusu mzigo wako, iwe jua linachomoza au linazama, jibu lake lilikuwa hilo.

*

Sasa, mume wa Mwalimu aliitwa Fundi, na hata mkewe alimwita hivyo. Nusu ya milango ya kijiji kile ilitoka mikononi mwake, na vitanda, na rafu za viatu za msikitini. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mluzi mwingi. Ukimletea ubao akupunguzie kidogo utaondoka na ubao wako, hadithi mbili na kikombe cha chai tumboni. Kisha mwaka juzi, asubuhi moja akipiga randa, kiharusi kikamwangusha juu ya maranda yake mwenyewe.

Hospitali walimrudishia mguu, akawa anatembea na fimbo. Mkono wa kushoto ulirudi nusu. Ulimi nao ukawa mzito, maneno yakawa yanatoka yamekanyagana. Hilo ndilo lililomvunja. Akaacha kupokea simu, akaacha kukaa barazani. Wageni wakija anajifanya kalala. Miezi minane Fundi aliangalia ukuta, na Mwalimu akajifunza kuusoma mgongo wa mumewe kama watu wanavyosoma barua.

Siku moja alirudi kutoka darasani akasikia sauti ya tupa. Akazunguka nyuma, akamkuta karakanani. Alikuwa amebana kipande cha mbao kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, anachonga mwiko. Mwalimu alirudi nyuma taratibu. Aliingia ndani, akakaa kitandani upande usio wake, akafunika uso na kanga.

Mwiko wa kwanza ulikuwa kama kasia la mtoto. Wa kumi ulikuwa mwiko. Ila yote, hata ile mizuri, shingo ilipinda kidogo kushoto, kwa sababu jiliwa hushika mbao lakini shingo haina budi kuzungushwa kwa mkono, na mkono wa kuzungusha ulikuwa ndio ule wa nusu.

Mwalimu akamfungulia ukurasa. Akapanga miko juu ya shuka jeupe, akauchukua mmoja, akaugeuza ili apige picha ya shingo, kama anavyowafundisha wenziwe. Simu ikabaki hewani. Aliangalia ule mpindo, na hakuona mwiko, aliona mkono wa mumewe umewekwa mbele za watu. Akaugeuza tena. Akapiga upande ambao mpindo hauonekani. Doa nitalipiga kesho, akajiambia, na kesho hiyo haikuwahi kufika.

Wiki ya kwanza hakuna aliyenunua. Ya pili pia. Kila akiingia mlangoni Fundi aliuliza, "Wamesema?" na yeye akajibu, "Bado." Wiki ya tatu hakuuliza. Asubuhi iliyofuata Mwalimu alimwona amelala, uso ukutani.

Akampigia simu mdogo wake, aliyeolewa mjini.

"Agiza miko mitatu kwa shemeji yako. Pesa nakutumia mimi."

"Miko mitatu naipeleka wapi, dada? Napikia watu wawili."

"Itundike."

Mdogo mtu alikuwa na moyo mkubwa kuliko alichoombwa. Aliagiza kwa simu tatu, yake, ya mumewe na ya jirani, na kila moja akaiandikia sifa. Mwiko mwepesi, haushikishi wali. Nimepikia wiki nzima, naagiza mwingine. Fundi huyu hana mfano. Aliyaandika hayo wakati miko yenyewe iko bado juu ya rafu ya karakana, na Kesho Asubuhi hajaja hata kuichukua.

Mwalimu aliyaona. Alijua ni nini anachokiona. Nani angejua kama si yeye? Alikuwa ameshaanza kumpigia mdogo wake ayafute. Lakini Fundi alikuwa amesikia mlio wa simu, akageuka kutoka ukutani, akauliza, na yeye akamsomea. Fundi akasema, "Soma tena." Akasoma tena. Mara ya tatu Fundi alikuwa ameketi. Siku hiyo alinyoa ndevu.

Na baada ya hapo wateja wakaja wa kweli. Bibi harusi mmoja. Muuza chakula wa stendi aliyetaka minne kwa mpigo. Mwalimu wa shule. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili walikuwa watu kumi na mmoja, asiowajua wala wasiomjua. Mluzi ukarudi karakanani, mluzi wa nusu mdomo, wenye upepo mwingi kuliko sauti, na Mwalimu alikuwa akisimama jikoni na sufuria mkononi ausikilize.

*

Jumatatu moja Fundi alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akachukua fimbo.

"Naenda na wewe," alisema.

"Wapi?"

"Darasani. Nijifunze. Niwajibu mwenyewe wateja wangu." Alilisema taratibu, neno moja moja, kama anayepanga misumari.

Mwalimu alifurahi, kisha akasita kuvaa viatu. Alijua somo la siku hiyo. Orodha ya masomo ilibandikwa ukutani tangu mwanzo, kila mtu aliijua, na zamu ilikuwa ya sifa za uongo.

Fundi alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, daftari gotini. Wanawake walimwamkia wakamwacha, kama watu wanavyomwacha ndege aliyetua karibu. Mwalimu akafuta ubao kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji kufutwa, kisha akasema, "Leo tutazungumzia vipimo."

"Mwalimu, umeruka," Mshonaji akasema. "Vipimo ni Jumatano. Leo ni wale wanaojisifia."

"Macho yako yako ukutani siku zote?"

"Wewe si ndiye uliyesema tusome mkataba mpaka chini?"

Wakacheka. Mwalimu akapiga moyo konde, akaandika ubaoni neno la Kiarabu alilofundishwa na baba yake, akalieleza kwa lugha ya nyumbani. Kwamba zamani, mnadani, mwenye mali alimweka mtu wake kati ya wanunuzi. Mtu huyo hataki kununua. Kazi yake ni kupandisha bei na kusifia, mpaka mjinga mmoja aone kitu kinagombaniwa, aingie. Kwamba Mtume alilikataza hilo. Na kwamba leo mtu huyo hasimami tena mnadani, anaandika chini ya picha.

"Kwa hiyo shangazi yangu akiandika begi zuri?" Mshonaji akauliza.

"Amelinunua?"

"Hajalinunua."

"Analitaka?"

"Ana mabegi sita, na yote nimempa mimi."

"Basi ndiye huyo."

"Na akilinunua je? Akalipa kabisa, siyo mchezo?"

"Kwa pesa yake?" Mwalimu akauliza, na swali lilikuwa limeshatoka mdomoni alipoona linaelekea wapi.

"Tuseme kwa pesa yangu."

Dirishani mtu alirudisha mkono ndani. Mwalimu aliangalia chaki iliyokuwa vidoleni mwake. Angeweza kusema wanazuoni wametofautiana. Angeweza kusema tutalirudia.

"Basi hajanunua kitu," alisema. "Umenunua mali yako mwenyewe, ukajivika uso wa mteja."

Benchi la nyuma Fundi alikuwa anaandika. Aliandika taratibu, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, na alipofika mwisho wa sentensi akainua kichwa. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyepata kazi nzuri.

"Na yule mteja?" aliuliza. "Aliye... danganyika. Yeye je?"

Tangu augue hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya wawili. Bibi wa Mbuzi, aliyekuwa amesinzia, alifumbua macho. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Walikuwa na adabu hiyo.

"Wapo wanazuoni waliosema biashara imepita, dhambi iko kwa mdanganyifu," Mwalimu alijibu, na sauti yake haikuwa ya kila siku. "Na wapo waliosema mteja ana hiari. Aambiwe ukweli. Akitaka abaki na mali, akitaka arudishe, apewe pesa yake. Baba yangu alishika kauli hiyo. Alikuwa akisema, heri nirudishiwe kitambaa kuliko ninyimwe salamu."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akainama, akaliandika na hilo.

*

Mwalimu alimwambia mumewe alasiri ileile, karakanani. Alifikiri angoje, akaona akingoja atapata sababu. Fundi alikuwa anatafuta kipande cha mbao kwenye sanduku la mabaki, na mgongo wake ulikuwa na furaha. Mwalimu alizungumza na mgongo huo.

"Wateja wako watatu wa kwanza ni mdogo wangu."

Fundi akageuka.

"Yeye, na mumewe, na simu ya jirani yake. Mimi ndiye niliyemwambia anunue. Yale maneno aliyaandika mwenyewe, lakini niliyaona, nikayaacha."

"Walilipa."

"Walilipa."

"Pesa ya nani?"

"Yangu."

Fundi akakaa juu ya sanduku. Nyuma ya ukuta kuku wa jirani walikuwa wakigombana.

"Miko mitatu," Fundi alisema mwishowe. "Si ungeniomba tu. Ningekupa bure."

"Ulikuwa umegeukia ukuta."

"Najua nilikogeukia." Maneno yalianza kukanyagana, akanyamaza, akaanza upya. "Na wale kumi na mmoja?"

"Hao siwajui. Wallahi siwajui hata mmoja."

"Walikuja kwa maneno ya mdogo wako."

"Huenda. Huenda walipenda picha."

"Picha." Akauchukua mwiko uliokuwa juu ya meza, akaushika wima mbele ya jicho kama afanyavyo fundi akipima mstari. "Nayo hukupiga shingo."

Machozi yalimkaribia Mwalimu. Alijua kulia kungekuwa njia ya kumkimbia, akajizuia.

"Uliona aibu," Fundi akasema.

"Siyo aibu. Sikutaka wakuone wewe kabla ya kuuona mwiko."

Fundi akaurudisha mwiko mezani. Jioni alikula, akashukuru kwa chakula kama kawaida, akalala. Kesho yake hakugusa kazi. Wala hakurudi ukutani. Alikwenda karakanani, akakaa juu ya sanduku, mikono magotini, akabaki hivyo mpaka jua lilipozunguka. Mwalimu alimpelekea chai akaikuta imepoa. Siku ya pili hivyohivyo. Alitamani Fundi agombe, avunje hata kikombe. Aliwaza kwamba ameujenga ukuta mwingine kwa mkono wake mwenyewe, huu hauna hata tofali.

Siku ya tatu chai ilikuwa imenywewa.

"Lete simu," Fundi alisema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Hukumu ya baba yako. Waulize wote kumi na mmoja."

Mwalimu akakaa kwenye kigoda, simu mapajani, lakini kidole hakikusogea. "Na wakirudisha wote?"

"Itarudi miko."

"Na wewe?"

Fundi alimwangalia, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu akawa na ule uso wake wa kutaka kusimulia. "Unakumbuka mlango wa yule mwenye duka la mafuta? Ulivimba wakati wa mvua, ukagoma kufunga. Akanirudishia. Nikaubeba kichwani, mchana kweupe, mnadani watu wamejaa. Nilikufa?"

"Hukufa. Ulitukana njia nzima."

"Basi. Andika."

Akamwandikisha. Ilichukua muda, maana hakukubali amsaidie neno hata pale lilipokwama. Kwamba yeye ndiye anayechonga. Kwamba sifa tatu za kwanza ziliandikwa na ndugu, kabla mwiko haujagusa chungu. Kwamba shingo ya mwiko imepinda kidogo kushoto, na picha haikuonyesha. Aliyenunua kwa sababu hiyo arudishe, hata kama ameshautumia, nauli ni ya fundi. Kisha akaushika mwiko kwa mkono ule wa nusu, vidole vikitetemeka, akasema, "Piga hapa. Na mkono uonekane."

Mwalimu akapiga. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Ya pili ikatulia.

Kisha akampigia mdogo wake azifute zile sifa.

"Lakini dada, mwiko mzuri kweli," mdogo mtu alilalamika. "Wali haushiki."

"Umeshaupikia sasa?"

"Kila siku. Ule mwingine nimeutupa."

"Basi futa, uandike upya, useme wewe ni shemeji yake."

"Nani atamwamini shemeji?"

"Asiyeamini asinunue."

*

Jumatatu iliyofuata Mwalimu alisimama mbele ya darasa, akaacha vipimo walivyovianza Jumatano, akawaeleza alichofanya, bila kujipunguzia. Fundi alikuwa amebaki nyumbani. Aliwaambia pia kwamba mwenye kutaka mwalimu mwingine atakuwa na haki.

Wakatazamana. Bibi wa Mbuzi ndiye aliyesema. "Mwalimu mwingine yupi? Huyu ndiyo kwanza tumelijua doa lake."

"Bibi, siyo utani."

"Nani anatania? Endelea na vipimo vyako, mbuzi wangu wananingoja."

Walipoanza kuandika, Mshonaji alinyanyuka polepole, akapanda kigoda cha dirishani, akatoa mkono nje. Vidole vyake vilikuwa vinafuta kitu, kimoja baada ya kingine. Mabegi yake yalikuwa na sifa nyingi za shangazi. Mwalimu akaendelea kuandika ubaoni kama hakuona.

Majibu ya wateja yalikuja moja moja, siku kwa siku. Bibi harusi alirudisha wake, akasema hapendi vitu vyenye maneno. Mwalimu wa shule naye alirudisha, kwa barua ndefu ya heshima. Wawili wengine walituma mizigo bila salamu; Kesho Asubuhi aliishusha mlangoni, akaunusa mmoja, akasema, "Huyu amerudisha na mchuzi wake." Fundi aliwalipa wote kutoka kwenye kopo lake mwenyewe. Sita walikuwa bado hawajajibu lolote. Muuza chakula wa stendi alituma sauti, nyuma yake vyombo vinagongana: yeye hasomi sifa kwenye simu, hana muda, alinunua kwa sababu ile minne ilikuwa bei ya miwili ya mjini, na kama fundi anataka kumrudishia kitu amrudishie usingizi.

Kila uliporudi mwiko, Mwalimu alimtazama mumewe usoni. Fundi aliupokea, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye shingo, akauweka kando. Usiku alilala chali. Lakini mluzi haukuwapo, na wateja wapya pia hawakuwapo, na Mwalimu alihesabu siku kimyakimya, akiogopa ukuta.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Mwalimu alikuwa uani anafua, mikono imezama kwenye povu, simu iko juu ya meza ya karakana, karibu na Fundi. Ikalia. Namba ngeni.

"Ipokee," Mwalimu alisema. "Mimi nimelowa."

Fundi aliiangalia ikilia. Mwalimu alianza kupangusa mikono, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote tangu ugonjwa. Simu ikilia, anapangusa mikono. Kabla hajanyanyuka akasikia mumewe anasema, "Na... nam."

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, anayepiga kelele kidogo kama wanaodhani umbali unahitaji nguvu. "Ndiye fundi wa miko? Nimepata ujumbe wenu. Mimi siurudishi. Ila nataka kujua. Umepinda kwa nini?"

Fundi alifungua mdomo. Neno halikutoka. Akajaribu tena, likatoka nusu, likajikwaa. Mwalimu alikuwa amesimama sasa, povu linamdondoka viwikoni.

"Sema taratibu tu, baba," mwanamke yule akasema. "Sina haraka, nimebandika maharage."

"Mkono," Fundi akasema. "Wa kushoto. Nili... pata kiharusi. Una nusu ya nguvu. Kwa hiyo shingo... inakwenda unakokwenda mkono."

Hakuwa amewahi kulitamka hilo neno, kiharusi. Watu wengine walilisema mbele yake, yeye alikuwa akisema "ile siku."

"Ahaa," mwanamke akasema, kama aliyeambiwa njia ya kwenda mahali. "Basi sawa. Nilidhani ni mbao mbichi. Mbao mbichi ingeendelea kupinda."

"Hapana. Ni kavu. Mbao naijua."

"Na vigoda unatengeneza? Changu cha jikoni kimevunjika."

Fundi aliunyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akautazama, akaukunja na kuukunjua.

"Bado," alisema.

"Nikutumie pesa uanze?"

"Usitume. Sijui kama nitaweza. Kitu sijui kama... kitakuwepo, sikiuzi. Nikikimaliza nitakupigia. Nitakupa picha ya miguu kwanza. Na kitayumba."

"Nitakaa taratibu," mwanamke akasema, halafu akamuuliza ni mbao gani aliyotumia kwenye mwiko, kwa sababu harufu yake ukiulowesha inamkumbusha kabati la mama yake. Fundi akajiegemeza kwenye meza, akabadilisha simu sikio, akaanza kumweleza habari za mbao hiyo, na za jamaa aliyemuuzia, na namna jamaa huyo alivyowahi kumdanganya gogo zima. Alikwama, akaruka neno, akalirudia. Yule mwanamke akawa anaitika.

Mwalimu alirudi kwenye beseni. Akaingiza mikono majini na kuiacha humo, hakusugua, nguo zisije zikapiga kelele.